Sura Bila Majina: Picha za Rangi za Mafuta Alizochora Irma Stern Unguja, 1939 na 1945

Ikisiri

Makala haya yanachunguza picha za sura za watu wa Unguja zilizochorwa na mchoraji wa Afrika Kusini, Irma Stern, katika ziara zake mbili za mwaka 1939 na mwaka 1945. Picha hizo zilichorwa kwa rangi za mafuta, kwa mapigo mazito ya brashi na kwa rangi kali, na kwa muda mrefu zimesifiwa kuwa zinaonyesha nafsi ya mtu. Hata hivyo, zile zinazojulikana zaidi zimetufikia bila majina ya watu hao. Makala yanajenga hoja kwamba ukimya huo una asili tatu: mkondo wa sanaa aliofunzwa mchoraji, mfumo wa kikoloni uliowapanga watu wa Unguja katika makundi ya asili, na ufundi wenyewe wa brashi, ambao ulihifadhi hali ya moyo ya mchorwa huku ukifuta alama ambazo wenyeji wangezitumia kumtambua. Mwishoni inapendekezwa kwamba picha hizi zirejeshwe, walau kwa nakala, mbele ya wazee wa Unguja na wa Maskati walio hai.

1.0 Utangulizi

Mwezi Machi mwaka 2011, katika mnada uliofanyika London, picha ya mzee mmoja iliyochorwa Unguja iliuzwa kwa zaidi ya pauni milioni 3 za Uingereza. Bei hiyo ilivunja rekodi ya mnada kwa kazi ya msanii wa Afrika Kusini. Mzee huyo ana ndevu na amefunga kilemba. Picha ilichorwa mwaka 1945 na imezungushiwa fremu ya mbao za nakshi za Unguja. Jina la mchoraji lilitangazwa katika magazeti ya nchi nyingi. Mzee mwenyewe alitangazwa kwa anwani ya picha tu, ambayo kwa Kiswahili ni "Padri wa Kiarabu".

Msomaji aliyelelewa katika mwambao wa Afrika Mashariki hawezi kuipita anwani hiyo bila kusita. Uislamu hauna padri. Unguja ya mwaka 1945 ilikuwa na makadhi, maimamu, masharifu, mashehe na walimu wa vyuo vya Kurani, na kila cheo kati ya hivyo kilikuwa na maana yake mahususi katika jamii. Aliyekaa mbele ya mchoraji huenda alikuwa na kimojawapo cha vyeo hivyo, au hakuwa na chochote. Anwani haitusaidii kujua. Inachotufahamisha ni kwamba aliyeiandika aliona kilemba, ndevu na utulivu wa uso, kisha akatafuta katika lugha yake neno lililokaribiana na alichokiona.

Hapo ndipo swali la makala haya linapoanzia. Kwa kawaida picha ya sura hutofautishwa na michoro mingine kwa jambo moja: inamhusu mtu fulani, wala si mtu yeyote. Mchoro wa mvuvi ni mchoro wa kazi. Picha ya sura ya mvuvi ni picha ya Fulani bin Fulani, ambaye kazi yake ni uvuvi. Imekuwaje basi picha zinazosifiwa kwa kupenya hadi ndani ya nafsi zikakosa jambo la kwanza kabisa ambalo Mswahili huuliza anapokutana na mgeni, yaani, "Wewe ni mwana wa nani?"

Ni vyema kueleza mapema kwamba mwandishi amezisoma picha hizi kupitia nakala zilizochapishwa. Jambo hili lina uzito katika utafiti wa aina hii, kwa kuwa nakala huonyesha rangi lakini haionyeshi unene wake. Kwa sababu hiyo, hoja zinazotolewa hapa kuhusu ufundi zinategemea tabia ya rangi za mafuta kwa jumla na yale yanayoonekana wazi katika nakala.

2.0 Mchoraji na Mkondo Wake

Irma Stern alizaliwa mwaka 1894 katika mji mdogo wa Schweizer-Reneke, Transvaal, kwa wazazi Wayahudi wenye asili ya Ujerumani. Utoto na ujana wake uligawanyika kati ya Afrika Kusini na Ujerumani, na ni Ujerumani, katika miji ya Weimar na Berlin, alikosomea uchoraji. Mwaka 1916 alichora picha ya mtoto wa kike aliyedhoofishwa na maisha ya wakati wa vita, akaiita "Mtoto wa Milele". Kazi hiyo haikumpendeza mwalimu wake, lakini katika kipindi hicho hicho alikutana na Max Pechstein, mchoraji aliyekuwa na jina kubwa katika mkondo wa ekspreshonizimu, naye akamtia moyo.

Mkondo huo unahitaji maelezo mafupi, kwa sababu ndio ulioandaa mkono uliokuja kuchora Unguja. Mwaka 1905, katika maonyesho ya majira ya vuli mjini Paris, Henri Matisse alionyesha picha ya mke wake aliyevaa kofia, ambamo uso ulipakwa kijani, njano na zambarau, na mapigo ya brashi yakaachwa wazi bila kulainishwa. Watazamaji wengi walicheka. Mwaka huo huo vijana wa Dresden waliunda kikundi kilichoitwa Die Brücke, ambacho Pechstein alijiunga nacho mwaka 1906. Waliyoyaamini yalifanana: rangi haipaswi kuwa mtumwa wa kile ambacho jicho linakiona. Uso unaweza kuwa wa kijani iwapo kijani ndicho kinachosema kweli kuhusu hali ya moyo, ama ya mchorwa au ya mchoraji mwenyewe.

Maneno hayo ya mwisho, "ama ya mchorwa au ya mchoraji", ndiyo kiini cha tatizo. Ekspreshonizimu haikuweka mpaka bayana kati ya nafsi mbili zinazokutana katika picha ya sura. Zaidi ya hayo, wachoraji wengi wa mkondo huo, Pechstein akiwa mmojawapo, walizitazama Afrika na visiwa vya Pasifiki kama mahali ambapo binadamu angali safi, hajaharibiwa na viwanda na vita vya Ulaya. Mtazamo huo ulikuwa na nia ya kusifu, lakini sifa ilimwendea "binadamu wa huko" kwa jumla. Mtu mmoja mwenye jina, madeni, wapwa na ugomvi wa mirathi hakuwa na nafasi ndani yake.

Stern alirejea Cape Town mwaka 1920. Maonyesho yake ya kwanza huko yalipokewa kwa kejeli kubwa, na wapo waliodai kuwa kazi zake zinakiuka maadili. Hata hivyo aliendelea, na kufikia miaka ya 1930 alikuwa miongoni mwa wachoraji mashuhuri wa nchi hiyo. Wakati huohuo mlango wa Ujerumani ulikuwa umefungwa. Wanazi walipotwaa madaraka mwaka 1933, Myahudi huyu hakuwa tena na mahali katika nchi iliyomfunza. Mwaka 1937 utawala huo ulifungua mjini München maonyesho ya kuidhalilisha sanaa uliyoiita "iliyopotoka", na kazi za Pechstein zilikuwamo. Stern aligeuza safari zake kuelekea Afrika: Senegal, kisha Unguja mwaka 1939, Kongo mwaka 1942, na Unguja tena mwaka 1945. Ekspreshonizimu iliyotua Unguja ilikuwa, kwa namna fulani, mkimbizi. Jambo hilo lapaswa kukumbukwa kabla ya kumhukumu mchoraji.

3.0 Brashi, Rangi na Uso

Rangi ya mafuta ni unga wa rangi uliosagwa pamoja na mafuta, aghalabu ya kitani. Tofauti na rangi ya maji, haikauki kwa maji kupaa hewani. Mafuta hushikana na oksijeni polepole hadi yanagandamana. Tabaka jembamba huchukua siku kadhaa kushika, na tabaka nene laweza kuchukua wiki au miezi. Ucheleweshaji huo humpa mchoraji uhuru wa aina mbili. Kwanza, anaweza kuweka rangi mbichi juu ya rangi mbichi, zikachanganyika palepale kwenye turubai. Pili, anaweza kuirundika rangi ikasimama kama udongo uliosukwa, ili kila unywele wa brashi uache mfuo wake.

Wachoraji wa zamani wa Ulaya, kwa sehemu kubwa, walitumia muda mrefu kufuta mifuo hiyo. Walipaka tabaka nyembamba moja juu ya nyingine hadi ngozi ikaonekana kama ngozi. Mkondo wa Stern ulifanya kinyume. Brashi pana iliyobeba rangi nyingi ilipigwa mara moja na kuachwa ilivyo. Katika picha zake za Unguja, shavu moja laweza kujengwa kwa mapigo machache: kahawia, njano iliyoungua na kivuli chenye ubuluu au ukijani. Nyuma ya kichwa hamna chumba wala dirisha lililochorwa kwa makini. Mara nyingi pana uwanja wa rangi nzito unaousukuma uso mbele, kuelekea kwa mtazamaji.

Ufundi huu una nguvu ambayo mwanahistoria hapaswi kuidharau. Katika picha nyingi za kikoloni za zama hizo, mtu wa Afrika Mashariki huonekana kama sehemu ya mandhari: amebeba mzigo, amesimama kando ya mnazi, au amepangwa na wenzake ili apimwe na kuainishwa. Katika kazi za Stern mtu ameketi. Anajaza turubai. Macho yake, ambayo aghalabu yameinamishwa au yanatazama kando, yanadokeza fikra zisizomhusu mtazamaji. Heshima hiyo haikutokana na maelezo yoyote yaliyoandikwa chini ya picha. Ilitokana na ukubwa wa uso ndani ya fremu na uzito wa rangi.

Lakini brashi hiyohiyo ilikuwa na gharama yake. Watu wa Unguja wa wakati huo walisomana kwa mavazi. Namna ya kufunga kilemba, na rangi ya kitambaa chake, vilitofautisha ukoo wa kifalme wa Al Busaidi na koo nyingine. Darizi ya kwenye shingo ya kanzu, zari ya kwenye ukingo wa joho, mshono wa kofia na mpini wa jambia vilieleza cheo, uwezo na wakati mwingine mahali alikotoka mtu. Zote hizo ni alama ndogondogo, na alama ndogo ndizo za kwanza kumezwa na brashi pana. Mchoraji anapoamua kwamba kilemba chote ni mapigo saba ya rangi nyeupe iliyochanganywa na buluu, amepata mwanga wa kilemba, ila amepoteza jibu la swali: kilemba cha nani?

Hii ndiyo hoja ya kwanza ya makala haya. Brashi nzito ilihifadhi kile ambacho mgeni angeweza kukihisi kwa kumtazama mtu saa kadhaa: uchovu, utulivu, majivuno, huzuni. Haikuhifadhi kile ambacho mwenyeji angekitambua kwa kutupa jicho mara moja.

4.0 Unguja ya Makundi ya Asili

Stern aliikuta Unguja chini ya Sultani Khalifa bin Harub, aliyetawala kuanzia mwaka 1911 hadi 1960, huku mamlaka halisi yakiwa mikononi mwa Waingereza, waliokuwa wameitangaza Zanzibar kuwa nchi chini ya himaya yao tangu mwaka 1890. Mwaka 1939 visiwa vilikuwa vimetoka katika mgogoro wa karafuu wa 1937 na 1938, ambapo wafanyabiashara wa Kihindi waligomea sheria zilizolipa shirika la wakulima mamlaka juu ya biashara hiyo. Aliporejea mwaka 1945, watu walikuwa wametoka katika miaka ya vita na uhaba wa chakula.

Katika utawala huo, kundi la asili la mtu halikuwa jambo la nasaba peke yake. Lilikuwa jambo la sheria na la tumbo. Serikali iliwahesabu watu kwa makundi: Waarabu, Wahindi, Waafrika wa visiwani, Waafrika wa bara. Sensa za mwaka 1924 na 1931 zinaonyesha jinsi idadi ya watu waliojiandikisha kuwa Waswahili ilivyoporomoka katika muda wa miaka 7 tu, kwa kuwa jina hilo lilikuwa limeanza kubeba dharau, na watu wakahamia katika majina mengine. Wakati wa vita, mgao wa chakula, hasa mchele, ulifuata makundi hayo hayo. Aliyeandikwa katika kundi fulani alikula tofauti na jirani yake aliyeandikwa katika kundi jingine, ijapokuwa walisali katika msikiti mmoja na kuzungumza lugha moja.

Katika muktadha huu, anwani za picha za Stern hupata maana nyingine. "Padri wa Kiarabu", "Msichana wa Kibohora", "Mwarabu Aliyevaa Nyeusi": kila anwani imeanza au imeishia na kundi. Si lazima kudhani kwamba mchoraji alikusudia kuitumikia serikali. Anwani za aina hiyo zilikuwa desturi katika sanaa ya Ulaya kwa karne nzima kabla yake, kila mchoraji aliposafiri kwenda Morocco, Misri au Uturuki. Hata hivyo desturi hiyo na daftari la mgao wa mchele vilizungumza lugha moja. Vyote viwili viliona kwamba inatosha kumjua mtu kwa kundi lake.

5.0 Studio ya Picha na Kiti cha Mchoraji

Inaweza kudaiwa kwamba watu wa Unguja wenyewe hawakuwa na desturi ya picha za sura, ama kwa sababu ya tahadhari ya kidini kuhusu taswira za viumbe, ama kwa sababu hawakuzihitaji. Dai hilo halisimami mbele ya ushahidi. Tangu karne ya 19 palikuwa na studio za kupiga picha mjini Unguja, ikiwemo ya A. C. Gomes. Mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio, ambayo ilipiga picha za watu wa mjini kwa miongo mingi. Masultani nao walichorwa kwa rangi za mafuta, na majina yao yakahifadhiwa pamoja na picha zao.

Kulinganisha studio na kiti cha mchoraji kunafichua jambo la msingi. Aliyekwenda studio alikwenda kwa hiari na haja yake: harusi, safari, Idi, kumbukumbu ya mtoto. Alichagua nguo, akachagua wa kusimama naye, akalipa, akapewa picha yake. Nyuma ya picha hiyo aliweza kuandika jina na tarehe, kisha akaitundika ukumbini au akaipeleka kwa nduguye Mombasa. Picha ilikuwa mali ya aliyepigwa.

Aliyekaa mbele ya turubai la Stern alikuwa katika uhusiano mwingine. Haja ya picha haikuwa yake. Turubai lilikuwa la mchoraji, rangi zilikuwa za mchoraji, na kazi ilipokwisha ilifungwa na kupelekwa Cape Town kwenda kuonyeshwa na kuuzwa. Mchorwa hakuwa na sehemu ya kuandika jina lake, kwa kuwa picha haikupata kukaa mikononi mwake.

Katika hali hiyo, wanawake wanastahili kutajwa peke yao. Mwanamke mgeni aliweza kuingia sehemu za ndani za nyumba, ambako mwanamume mgeni asingekaribishwa. Kwa hiyo picha za wanawake alizochora Stern ni miongoni mwa kumbukumbu adimu za rangi za mavazi ya ndani ya nyumba za mjini wakati huo, mavazi ambayo kamera ya zama hizo iliyaandika kwa weusi na weupe tu. Lakini adimu hiyo inaongeza pia uzito wa swali la idhini. Binti aliyekubali kutazamwa na mwanamke mmoja chumbani hakukubali kwa hivyo kutazamwa na umati katika ukumbi wa mnada miaka 65 baadaye.

6.0 Fremu: Mlango Uliokatwa

Baadhi ya picha hizi zina fremu za mbao zilizochongwa, zilizotokana na milango ya zamani ya Unguja. Watazamaji wengi huichukulia fremu hiyo kama pambo, na bei ya picha yenye fremu ya aina hii hupanda. Kwa mtafiti wa historia ya mwambao, fremu ni ushahidi wa pili uliobandikwa juu ya ushahidi wa kwanza.

Mlango wa nyumba ya mawe haukuwa kizuizi cha mwizi peke yake. Miimo yake, mfaa wake na kizingiti chake cha juu vilichongwa kwa nakshi za maua, minyororo na mawimbi. Juu yake mara nyingi palichongwa aya ya Kurani, na wakati mwingine mwaka wa ujenzi. Aliyepita mtaani Malindi, Shangani au Kiponda alimjua mwenye nyumba kwa kuutazama mlango wake kabla ya kubisha hodi. Kwa maneno mengine, mlango ulifanya kazi ya jina.

Stern alizungusha vipande vya mbao hizo kwenye sura za watu wasiotajwa. Matokeo yake yanapendeza macho, kwa sababu nakshi nzito ya mbao inapatana na mapigo mazito ya rangi, na yote mawili yanashikwa na mwanga kwa mifuo yake. Lakini kihistoria kuna jambo limefanyika kimyakimya: utambulisho wa nyumba moja, uliokwisha kukatwa, umewekwa kuwa mpaka wa uso wa mtu mwingine, naye hana utambulisho. Vitu viwili vilivyopoteza wenyewe vimeunganishwa na kuwa kitu kimoja chenye mwenyewe mpya.

7.0 Safari ya "Mwarabu Aliyevaa Nyeusi"

Picha haiishi pale ilipochorwa. Mojawapo ya picha za mwaka 1939, "Mwarabu Aliyevaa Nyeusi", ilikuwa na maisha ambayo yanastahili kusimuliwa hapa kwa sababu yanazuia hukumu nyepesi.

Mwezi Desemba mwaka 1956 serikali ya makaburu iliwakamata wapinzani wake nchini Afrika Kusini na kuwashtaki kwa uhaini. Washtakiwa walikuwa 156, Nelson Mandela akiwa miongoni mwao. Kesi ilidumu hadi Machi 1961, ambapo waliobaki kizimbani waliachiwa huru. Utetezi wa watu wengi kiasi hicho kwa miaka yote hiyo ulihitaji fedha, na marafiki wa washtakiwa walichangisha kwa njia mbalimbali. Picha hii ya Stern ilitolewa iuzwe ili kuchangia gharama hizo. Iliyemnunua ni familia iliyohamia baadaye Uingereza, na miaka mingi ikapita hadi ilipogunduliwa upya katika nyumba moja ya London, ikiwa jikoni, ikitumiwa kama ubao wa kubandikia barua na karatasi za kumbukumbu. Mwaka 2015 iliuzwa mnadani kwa zaidi ya pauni 800,000.

Mtu wa Unguja aliyevaa nyeusi, ambaye anwani ya picha haimtaji, alisaidia kuwalipa mawakili wa watu ambao mashtaka yao yaliwahesabu mmoja mmoja kwa majina. Hakuombwa, wala hakujua. Tukio hili linaonyesha kwamba picha zilizozaliwa katika uhusiano usio sawa ziliweza baadaye kutumikia haki. Linaonyesha pia kwamba kila aliyeishika picha hii, awe mfadhili wa kesi, mwenye jiko au mnunuzi wa mnadani, aliweza kuitumia kwa namna aliyotaka, kwa sababu hapakuwa na mtu wala ukoo uliotambuliwa kuwa na neno juu yake. Jina, mbali na kuwa heshima, ni mshiko. Kisicho na jina hakina anayekidai.

8.0 Hitimisho na Mapendekezo

Makala haya yameonyesha kwamba ukosefu wa majina katika picha za Stern za Unguja si bahati mbaya ya karani wa makumbusho. Mkondo wa ekspreshonizimu ulimfunza mchoraji kutafuta hisia za binadamu kwa jumla. Utawala wa kikoloni ulimpa tayari orodha ya makundi ya kuwaitia watu. Brashi yake pana, ambayo ndiyo iliyowapa wachorwa ukubwa na heshima, ilifuta alama za mavazi ambazo zingeweza kuziba pengo hilo. Sababu hizi tatu zilifanya kazi pamoja, na haitoshi kuitaja moja na kuziacha nyingine.

Haikusudiwi kusema kwamba picha hizi hazina thamani. Waswahili husema jina jema hung'aa gizani. Katika picha hizi kilichong'aa ni sura, na jina ndilo lililobaki gizani. Kwa kuwa sura zingalipo, kazi ya kulitafuta jina bado inawezekana, na hapo ndipo pendekezo la makala haya linapolenga.

Mbinu inayopendekezwa ni masimulizi ya wazee. Nakala kubwa na za rangi za picha za mwaka 1939 na 1945 zikusanywe na zionyeshwe kwa wazee wa Mji Mkongwe, wa Ng'ambo na wa mashamba. Kwa kuwa Mapinduzi ya mwaka 1964 yalizitawanya familia nyingi, zionyeshwe vilevile kwa jamii za Wazanzibari walioko Oman, nchi za Ghuba na Uingereza, pamoja na jamaa za Mabohora popote walipo. Waulizwe maswali matatu mepesi: Je, sura hii inafanana na ya nani? Kilemba hiki hufungwa na watu gani? Nakshi hii ya fremu iliwahi kuonekana katika mtaa upi? Majibu yatapingana, na mengine yatakuwa ya matumaini kuliko ya kumbukumbu. Mtafiti wa historia simulizi amezoea kuyapima majibu ya aina hiyo, kwa kulinganisha msimulizi na msimulizi, na masimulizi na picha za studio zilizobaki majumbani.

Kazi hii haiwezi kusubiri. Mtoto aliyekuwa na miaka 10 mwaka 1945, ambaye alimwona mzee mwenye ndevu akitoka msikitini na pengine akambusu mkono, kama yu hai anakaribia miaka 90 au ameshaipita. Rangi ya mafuta ikihifadhiwa vizuri hudumu karne nyingi. Macho yanayoweza kumtambua aliyechorwa hayana muda huo.